Kofia Aliyonificha Mwinyijuma

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Babu Mosi kanijia tena usingizini. Kichwa wazi. Gwanda analo, viatu anavyo, bunduki anayo begani, kofia hana. Amesimama juani anajipapasa utosi kama mtu aliyesahau kitu dukani. Nikamwambia babu sogea kivulini. Nimeamka kichwa kinaniuma mimi.

Huyu ni babu mzaa mama. Alikuwa askari wa Mjerumani hapahapa Bagamoyo. Vita vilipoanza wakaondoka naye kuelekea kusini na hakurudi. Kaburi hatuna, picha hatuna, hata kifungo cha shati hatuna. Tangu Mfungo Nne ananijia hivi hivi. Nimemsomea Yasini. Nimemtolea sadaka ya maandazi, msikiti mzima ukala na wengine wakafungasha. Bado kichwa wazi. Hahitaji mtu kujulishwa zaidi: mzee anataka kofia yake.

Na kofia za vita ndizo kazi yangu. Watu wa mtaani wanasema Bi Mwanamvua kachanganyikiwa, waseme. Chumba cha uani nimepanga mitungi ukutani, kila mtungi na kofia yake, mtu akiingia ghafla anadhani kikosi kimekaa kinamsubiri. Ninayo ya chuma ya Mwingereza, bapa kama sinia, niliikuta Miono kuku wanainywea maji. Ninayo tarabushi nyekundu ya askari wa keya, jeshi la Mwingereza, shada lake limebaki nyuzi mbili. Ninayo helmeti nyeupe, nyepesi kama mkate, ndani ina ukanda wa ngozi uliokunywa jasho la mtu mpaka ukawa mweusi. Alasiri nakaa nazo. Navua moja naipakata. Nanusa. Kofia haipotezi harufu ya kichwa hata ikikaa miaka mia. Kuna moshi, kuna mafuta ya nazi, kuna hofu kidogo. Nikifumba macho namwona mwenyewe anakuja, anajikuna sikio, ananiuliza mama maji yapo.

Sasa leo. Nimepita uani kwa Mwinyijuma kuomba ndimu. Mwinyijuma ni mtoto wa mjomba wangu, binamu na mtani, mimi na yeye babu yetu mmoja na bibi yetu mmoja. Naye ana tabia ya kukusanya vya kale, ila hana mpango, anachanganya majambia na birika. Nainua macho kwenye kamba ya nguo. Kati ya kanzu na shuka, kofia imeanikwa. Ndefu, ya khaki, kitambaa kinaning'inia kisogoni kuzuia jua, nembo ya tai mbele. Ya askari wa Mjerumani. Nikashika nguzo.

Mwinyijuma akaichomoa kambani upesi akaitia kwapani. Nikamuuliza ya nani. Akasema ya marehemu. Nikamwambia ni ya askari wa Mjerumani. Akasema mke wangu, wewe umekuja kwa ndimu, chuma ndimu. Ananiita mke wangu tangu tuna meno ya utoto. Nikamwambia mke wako angekuwa mimi ungekuwa umekwisha nyooka. Akacheka. Kofia kaingia nayo ndani.

Mkewe, wifi yangu Shamsia, kaniambia mlangoni kwa kunong'ona kwamba Jumapili anakuja mtu kutoka Dar, Sharifu, anayejua vitu vya kale na kuvinunua. Kuja kuitazama hiyohiyo.

Kwa hiyo babu yangu atabebwa kwenye gari kwenda Dar, akawekwe kwenye kabati la kioo la mtu asiyemjua. Sikubali. Ndimu nimezisahau.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeoka mkate wa kumimina nikaenda nao. Mkate huo mwanamume yeyote wa kwetu ukimweka mbele yake atakupa nyumba. Mwinyijuma kala nusu, kanisifu, kofia hakunipa. Kaiweka juu ya meza ng'ambo ya birika la kahawa, akaniweka mimi kwenye benchi mlangoni kama mgonjwa wa zahanati. Kasema tazama kwa macho, mkono wako naujua.

Basi nimeitazama kwa macho. Khaki imepauka mpaka imekuwa rangi ya mchanga wa ufukweni maji yakitoka. Kitambaa cha kisogo kimeraruka pembeni kikashonwa kwa mkono, sindano ndogondogo za subira. Tai amekatwa kwenye bati, bawa moja fupi. Mwinyijuma kaniuliza tai wa Mjerumani anakuwaje na bawa fupi. Nikamwambia vita, bati lilikuwa la shida. Kaniuliza na mbona kofia yenyewe ndogo. Nikamwambia jua la miaka mingi, hata wewe ulikuwa mrefu.

Shamsia kacheka akapaliwa na kahawa.

Nikamsihi. Nikamweleza ndoto yote, jua, utosi, mkono unaopapasa. Nikamwambia nitakupa tarabushi, nitakupa na ya chuma juu yake. Akatazama kahawa yake. Halafu akasema kwa upole, jambo ambalo sikulipenda maana Mwinyijuma akiwa mpole ana lake, kwamba hii haitoki nyumbani mwake kwa mkate wala kwa chuma. Na kwamba ningeuliza vizuri angenieleza. Nikamwambia niulize nini na naiona, ni ya Mjerumani. Akasema haya, umeshajijibu.

Nimerudi kwa njia ndefu, ya pwani ya mikoko. Upepo ulikuwa wa baridi ya Agosti, ule unaokuingia mikononi mwa gauni. Nikaona kama mtu anatembea mbele yangu kwa hatua za kijeshi, kichwa wazi, tope halimshiki miguu. Alikuwa kijana wa kuuza pweza.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata njia. Nitasuka nyingine.

Aliponiweka mbali alidhani ananikomesha. Mimi kitu nikikitazama kwa muda wa mkate mmoja nakijua. Kofia kama zile ndani zina kiunzi, juu ndiyo wanavisha kitambaa. Nitatengeneza kiunzi kwa ukili, utepe wa ukindu uliosukwa, nivishe khaki, niende nayo chini ya buibui, nichukue ya babu niache yangu. Sharifu atabeba ukili wangu mpaka Dar. Babu atabaki kwao. Nani ameumia hapo?

Mjukuu wangu Hajra, ambaye ni fundi cherehani na anaishi kwangu, kasema aliyeumia ni mwenye kofia. Nikamwambia mwenye kofia ni babu yako mkuu. Kasema shikamoo bibi, mimi simo. Nikamwambia marahaba, lete ile khaki uliyobakisha kwenye suruali za mgambo. Ameileta. Mtoto mzuri, mdomo tu.

Ukindu ninao, nilikuwa nimeuweka kwa mkeka wa kuswalia. Nimekaa kibarazani asubuhi nzima nasuka. Mimi naanza ukili wangu kwa kukunja jani la kwanza kushoto. Wasukaji wote wa hapa wanakunja kulia, na wakiniona wananicheka kwamba nasuka kama anayejikuna mgongo. Mama yangu alinifundisha hivyo Pangani, na alikuwa ananichapa vidole nikikosea. Nikishaanza sitazami tena. Vidole vinakwenda, mimi nakwenda kwangu. Nilikuwa barabarani na askari wengi, vumbi jeupe, wanaimba wimbo usio na maneno, na kila aliyepita alinishikisha jani moja la ukindu akaniambia shika hili mpaka nirudi. Mikono ikajaa. Hajra akaniamsha, ukili umefika mlangoni unaelekea barabarani.

Nimeuzungusha nikaushona, ukapata shingo na utosi. Ndani nimetia kaniki, ile ya mama iliyokuwa chini ya sanduku, maana kitambaa kipya kingenisaliti. Khaki nimeichemsha kwenye majani ya chai, nikaianika, nikaifukiza kwa makumbi ya nazi mpaka jirani akaja kuuliza kunaungua nini. Nikamwambia historia. Tai nimemkata kwenye kopo la maziwa ya unga, bawa moja fupi kama la mwenzake.

Hajra kaivaa akajitazama kwenye kioo. Halafu akasema, bibi, inatisha. Imefanana na ya askari kweli.

Nimeona fahari, nisiseme uongo.

Alhamisi, 7 Agosti

Akina mama wanasoma Yasini kwa Shamsia kila Alhamisi alasiri. Nimekwenda na kofia tumboni chini ya buibui, nimeifunga kwa kanga. Njiani watu watatu wamenisalimia wakitazama tumbo.

Shamsia kaniuliza wifi vipi, tumbo limejaa. Nikasema gesi. Ulikuwa ni ujinga. Kisomo kikasimama. Mmoja kasema tangawizi, mwingine kasema mdalasini, mwingine akataka kunikanda palepale. Ashatu, yule anayejua dawa kuliko madaktari, akanyoosha mkono kunibonyeza nikamwambia ukinigusa nitatapika juu ya msahafu. Akarudisha mkono.

Nikaomba nijinyooshe chumbani. Kofia ya babu iko juu ya nguzo ya kitanda cha samadari, inanitazama. Sikuinusa, sikuipapasa, sikupata hata muda wa kusema bismillahi kwa utulivu. Nje Mwinyijuma anakohoa. Nikachomoa yangu, nikapachika, nikachukua yake, nikajifunga. Kanga ikakaza vibaya, nikatoka na tumbo limehamia ubavuni. Shamsia akasema, loo, gesi imesogea. Nikasema ndiyo inatoka. Wakanipa tangawizi ya kwenda nayo.

Nimeiweka kwenye mtungi wa katikati. Umeme hakuna leo, nina kibatari tu. Nimempa babu salamu. Sitaki kuigusa mpaka nikoge.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Hajra hana kazi, amelala. Mimi nimeamka na furaha kama mtoto wa Idi.

Nimeipakata kofia kibarazani kwenye mwanga. Anayejua kofia haanzi na tai, anaanza ndani. Nimeigeuza. Ndani kaniki. Nikasema, sawa, askari wengi walikuwa na wake, mke kamtia mumewe kaniki isimkwaruze. Nikatabasamu. Nikafumua nyuzi kidogo nikaingiza kidole nikisake kiunzi.

Ukili.

Nikapapasa tena. Ukili, wa ukindu, umezungushwa na kushonwa. Nikafuata kwa kidole mpaka utosini pale ulipoanzia. Jani la kwanza limekunjwa kushoto.

Nimekaa na kidole changu mle ndani muda mrefu. Mjerumani hasuki ukili. Na hakuna mtu Bagamoyo nzima anayekunja kushoto isipokuwa mimi. Maana yake moja tu: kwa ile haraka na kile kikohozi cha Mwinyijuma, nimechanganya. Nimeipachika ya babu palepale na nimerudi na yangu mwenyewe tumboni. Nimebeba gesi ya bure.

Hajra kaamka kanikuta nalia. Kaishika, kaitazama, kasema bibi mbona hii imechakaa zaidi ya ile tuliyotengeneza. Nikamwambia kwa sababu niliifukiza vizuri. Kasema na mbona inanukia asmini. Nikamwambia pua yako ina mafua. Mtoto hajui vita kashona suruali mbili za mgambo anataka kunifundisha kofia.

Adhuhuri nikasinzia. Babu kaja mpaka kwenye ngazi ya baraza. Hajaingia. Utosi unamwaka jua, ananitazama kama anataka kunicheka na ana haya.

Siku imebaki ya kesho tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo sikutumia gesi. Leo nimetumia kizunguzungu.

Nimekwenda kwa Shamsia wakati Mwinyijuma yuko msikitini kwa adhuhuri. Nimefika mlangoni nikayumba. Wifi yangu ana moyo, jamani. Kanidaka kama gunia la mpunga, kanilaza kwenye kitanda kilekile, chini ya nguzo ileile, kofia inaning'inia juu ya pua yangu. Nikajisemea, Mungu hana hiyana.

Tatizo, Shamsia hakuondoka. Kanipepea. Kanipaka mafuta ya karafuu mpaka nyusi. Kaanza kunisimulia kila aliyepata kizunguzungu tangu uhuru na nani alikufa. Nikamwambia wifi nenda zako upike. Kasema siwezi kukuacha peke yako na roho yangu ikatulia. Nikaona machozi yananitoka ya kweli, maana ananipenda huyu mwanamke na mimi nina kofia ya kumdanganyia tumboni. Nikamwambia basi nipikie uji wa pilipili manga. Akakimbia.

Nikabadilisha chini ya shuka. Safari hii nimetazama sana. Hii chini, ile juu. Nikarudia moyoni, hii chini, ile juu.

Halafu shuka ilikuwa ya baridi, na mafuta ya karafuu, na mlango uko wazi upepo unaingia na sauti ya adhana imekwisha lakini bado iko hewani. Nikalala kweli. Niliota mwanamke mfupi amenipa kisogo. Amevaa kofia ya kijeshi, kitambaa kinapepea shingoni, na kiunoni kafunga kanga mbili, anapiga hatua na ngoma, kushoto, kushoto, kushoto. Nikamwita bibi nani wewe. Hakugeuka. Alikuwa na raha yake.

Nimefumbua macho Mwinyijuma kasimama juu yangu. Kasema mke wangu, ukizoea kitanda hiki watu watasema tumefunga ndoa kwa siri, na Shamsia hajaambiwa. Shamsia yuko nyuma yake na bakuli la uji, kauma mtandio. Nikamwambia mtoto wa mjomba, mwenye kizunguzungu hana kitanda. Kaniuliza tumbo limepona. Nikasema tumbo lilikuwa juzi, leo kichwa. Akasema aa, kichwa. Akanisindikiza mpaka nje taratibu, kanishika mkono kama bibi harusi.

Lakini ninayo. Nimeiweka katikati. Sijaifumua ndani, sitaki kumsumbua babu. Hajra kaitazama, kafungua mdomo, kaufunga.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemdaka Sharifu kabla hajafika kwa Mwinyijuma. Nilikaa kwenye kona tangu asubuhi. Kijana wa makamo, miwani, kanzu safi. Kaniamkia shikamoo mama, nikamwambia marahaba mwanangu, unakokwenda watakuonyesha makuti, pita kwangu unywe chai.

Kaingia chumba cha uani akasimama mlangoni kama wote wanavyosimama. Kisha, na hili nitalikumbuka mpaka nife, akavua viatu. Akaenda mtungi kwa mtungi. Hakushika kabla ya kuomba. Ya chuma akaipindua, akatazama misumari ya ndani, akasema mama hii ni ya vita vya kwanza hasa, umeipata wapi. Nikasema kwa kuku. Tarabushi akaipima kwa shubiri, akasema ya keya, kweli, na akazigusa zile nyuzi mbili za shada kwa ncha ya kidole. Helmeti akasema si ya askari, ni ya msimamizi wa mkonge. Nikamsamehe.

Akafika kwenye ya katikati. Nikashika pumzi. Akaizungusha, akaisogeza puani. Akaninong'oneza ili Hajra asisikie, mama, hii inanuka chai.

Nikamwambia Mjerumani alikunywa chai. Akasema bado ina majimaji kwenye mshono. Nikamwambia pwani hii kila kitu kina majimaji. Akatazama tai, akasoma nyuma ya bati, akasema na Mjerumani alikunywa maziwa ya unga?

Hajra katoka nje. Nimesikia anavyocheka mpaka kwenye banda la bata.

Hapo ndipo Mwinyijuma akapiga hodi, na Shamsia nyuma yake, na kofia kwapani. Kaketi bila kukaribishwa. Kamkabidhi Sharifu. Mimi nilikuwa natafuta jambo la kukasirikia.

Sharifu aliishika kwa mikono miwili. Kaitazama ndani kwanza, kama inavyotakiwa. Akasema kofia za wale askari zilikuwa na kiunzi cha fito, mshono wa mashine, tai wa kuyeyushwa. Hii ni ukili, mshono wa mkono, kaniki, tai wa debe. Haijaingia vitani. Akasema hii ni ya ngoma ya beni, ya zamani sana, wale waliocheza kwa gwaride na vyeo, akina kaputeni na jemadari, mji mzima ukitoka kuwatazama. Nzuri kuliko zote alizopata kuona.

Nikasema haiwezekani. Mwinyijuma akasema inawezekana, kwa sababu ni ya Bibi Kibibi.

Bibi Kibibi ndiye bibi yetu, mke wa Babu Mosi. Mimi nilikulia Pangani, nilimwona mara moja tu, alinipa kaimati nikaungua ulimi. Mwinyijuma yeye alilelewa naye. Akasimulia akitazama sakafu. Babu alipoondoka, bibi alikaa kumngoja. Wakaja watu wakasema wenzake wamerudi, yeye hayumo. Hakukaa eda, alisema hajaona maiti. Akakaa akasuka kofia kama ile aliyokuwa akimpangusia vumbi kila asubuhi, kwa kumbukumbu ya mikono tu, akaitia kaniki yake ndani, akaenda kwenye beni. Wakamuuliza anataka cheo gani. Akasema yeye ni kaimu wa Mosi mpaka Mosi arudi. Alicheza na kofia hiyo miaka na miaka, na kila akimaliza aliifunga na asmini. Akamfundisha na binti yake kusuka, mama yangu, jani la kwanza kushoto, kwa sababu yeye alikuwa wa mashoto.

Mitungi yote inasikiliza.

Nikaomba niishike. Nikaingiza kidole pale nilipokuwa nimefumua Ijumaa. Uzi wangu wa kufumulia bado unaning'inia. Nikaelewa nilichokuwa nacho mapajani siku ile, nikakirudisha mwenyewe kwa kizunguzungu.

Nikamuuliza Mwinyijuma tangu lini anajua. Akasema Shamsia aliona tangu Alhamisi, gesi gani inatembea ubavuni. Nikamuuliza kwa nini hakunisimamisha. Akasema, mtoto wa shangazi, ulisuka ya bibi bila kuonyeshwa ndani. Niliitazama uliyoacha nikaona mkono wa bibi. Nilitaka nione utarudisha lini. Nikamwambia na kwa nini hukunieleza ni ya bibi. Akasema kila ukiuliza unajijibu Mjerumani.

Sharifu akaomba, kwa adabu, kama inapatikana. Mwinyijuma akasema alimwita amfundishe kuzuia nondo tu, haijawahi kuwa ya kutoka. Ana kitu hicho kimoja tu cha bibi. Kisha akageuka akaisogeza mapajani mwangu. Kasema kaa nayo wiki hii, Ijumaa tutamsomea babu khitima pamoja, iwe katikati ya mkeka.

Nimelia mbele ya wageni. Shamsia naye. Hajra naye, baada ya kumaliza kucheka. Nimemlisha Sharifu wali wa nazi na pweza mpaka akafungua kifungo, na nimemwambia arudi na mama yake. Mlangoni kaniambia alisikia kuna mzee kule Kiwangwa, mkulima wa mananasi, ana kofia ya zamani, hajaiona, huenda si kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Babu kaja. Kichwa kimefunikwa.

Ameivaa ya bibi. Imemkalia utosini kama kikombe cha kahawa, ndogo, kitambaa kinamgusa masikio badala ya shingo, na harufu ya asmini imejaa njia nzima. Hakusimama juani. Alikuja mpaka ndani, akaketi kati ya mitungi, akavuta miguu. Nyuma yake nasikia hatua za mtu mfupi anayecheza, kushoto, kushoto. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu. Mwanamume mzuri. Pua ya Mwinyijuma.

Nimeamka nimetulia kuliko siku zote za mwaka huu. Nimekunywa chai. Nimemweleza Hajra. Hajra akasema alhamdulillahi bibi, basi yamekwisha, amepata.

Nikamtazama mtoto huyu. Nikamuuliza, umesikia niliposema imemkalia kama kikombe? Inambana. Mzee kaivaa kwa adabu, kwa sababu ya mkewe, mwanamume gani atakataa. Lakini inambana. Na bibi alisuka ile kwa kuikumbuka nyingine, na ile nyingine alikuwa akiipangusa vumbi kwa mkono wake. Basi ilikuwepo. Kitu kilichokuwepo kipo mahali.

Hajra kaniuliza mahali gani. Nikasema basi la Kiwangwa linaondoka saa ngapi.

Kaniambia bibi, huyo mzee humjui, hujaiona hiyo kofia, utamwambia nini. Nikamwambia sina haja ya kumwambia kitu. Nikaonekane tu mgeni mwenye kiu, niitazame kwa muda wa nanasi moja. Nimemtuma kwa Shamsia akaazime buibui kubwa zaidi, na ukindu nimeshauloweka.